Gari la Mwalimu na Luku ya watu

Kahawa ya kwanza ilikuwa bado inaunguza midomo Mama Lishe alipotokea kijiweni na simu mkononi, kaishika kama hati ya mashtaka.

"Jana jioni nimeingiza msimbazi mzima kwenye Luku ya umeme," alisema. "Elfu kumi! Zimekuja uniti 28. Miezi miwili nyuma elfu kumi hiyohiyo ilikuwa inaleta 81. Nani anakula uniti zetu?"

Hakuna aliyejibu, ila macho yote yalikwenda kwenye mwarobaini, palipoegeshwa kigari cheupe cha Mwalimu, Nissan Leaf ya 2012. Mwalimu hukiegesha hapo kwa sababu betri yake haipendi jua. Sisi nasi hatulipendi jua, lakini hatukuletwa na meli kutoka Japani, kwa hiyo tumehamia kwenye bati la fundi viatu.

"Msinitazame mimi," Dalali akawahi, ingawa hakuna aliyekuwa anamtazama. Ndiye aliyemtafutia Mwalimu lile gari, kwa maneno matatu: halinywi mafuta, halitoi moshi, halipigi kelele. Yote kweli. Dalali wetu hasemi uongo. Huwa anashuka tu kituo kimoja kabla ya ukweli.

Mwalimu akafika na daftari zake kwapani. "Shikamoo Mzee."

"Marahaba," akajibu Mzee Reli. "Kaa. Una kesi."

Mwalimu alipoelezwa hakutetereka. Akaomba kalamu, akapiga hesabu nyuma ya pakiti ya sigara. "Kutoka hapa Tabata hadi shuleni Ilala na kurudi ni kama kilomita 20. Gari linakula uniti 4 hivi. Uniti moja shilingi 356, kwa siku 1,424. Ile Toyota IST yangu ya petroli, kwa foleni ya Buguruni, ilikuwa inamaliza lita mbili, na lita moja siku hizi inakimbilia elfu tatu. Sasa hapo nani kapotea?"

"Unalipa 1,424?" Mama Lishe akauliza. "Unamlipa nani?"

"Si nachanga Luku kama wapangaji wote?"

"Sisi wote tunachaji simu. Wewe unachaji basi."

Dogo Bajaji alicheka hadi kahawa ikamtoka puani. Mzee Reli akainua mkono. Alistaafu zamani kwenye reli, lakini hesabu za watu bado anazikagua kama tiketi.

"Mwalimu, kosa si uniti 4. Kosa ni 75. Nyumba yenu ilikuwa kwenye kundi la watumiaji wadogo, wasiozidi uniti 75 kwa mwezi. Bei ya kundi lile, pamoja na kodi zake, ni shilingi 122. Sasa zidisha: uniti 4 mara siku 22 za shule."

"Themanini na nane," Mwalimu akasema, kwa sauti ya mwanafunzi.

"Gari peke yake limevuka mstari kabla hamjawasha taa ya choo. Nyumba imehamishwa kundi. Sasa hata bibi wa chumba cha nyuma, mwenye redio moja, analipa 356."

Hapo Mwalimu aliikunja ile hesabu yake akaitia mfukoni. Binafsi naona hili ndilo jambo ambalo wasifiaji wa magari ya umeme hulipita haraka. Wanakuambia nafuu, na nafuu ipo kweli, ila kwenye nyumba ya kupanga yenye Luku moja, nafuu ya mmoja inaweza kuandikwa kwenye mfuko wa jirani.

Fundi Spana naye alikuwa na lake. Yeye na lile gari wana ugomvi wa tumbo. "Halina oili ya injini, halina plagi, halina taimingi, halina kluchi. Hata pedi za breki haziishi upesi, maana ukiachia mguu mota yenyewe inalizuia na kurudisha umeme kwenye betri. Tutakula nini?"

"Shokapu, bushi na boljointi zipo," akasema Dogo Bajaji. "Barabara ya huku ndani haijui kama gari ni la umeme."

"Hapo sawa," Fundi akakiri, uso ukachangamka. "Na ni zito hilo, tani moja na nusu. Tusubiri masika." Kisha akamgeukia Dalali. "Lakini wewe ulimwonyesha Mwalimu vistari gani siku ya kununua?"

Dalali akakohoa.

Ngoja nieleze, kwa faida ya anayepiga mahesabu ya kununua. Kwenye dashibodi ya Leaf ya zamani kuna safu mbili za vistari. Vinene vinaonyesha chaji iliyomo leo. Vile vyembamba vya pembeni vinaonyesha uzima wa betri yenyewe: gari likiwa jipya viko 12, na kikizimika hakirudi kwa kuchaji. Betri ya gari hilo haina mfumo wa kupozwa kwa maji, joto linaichosha mapema. Dalali alimwonyesha Mwalimu vinene, vimejaa vyote. Vyembamba vilikuwa 8.

"Chaji ilikuwa imejaa!" Dalali akajitetea.

"Hata kikombe cha kahawa kinajaa," akasema Fundi. "Ndoo nayo inajaa. Alilipia ndoo."

Kwa vistari 8, betri iliyotoka kiwandani na uniti 24 imebaki na kama theluthi mbili. Shule na kurudi inatosha, sokoni inatosha. Siku Mwalimu alipojitia kwenda msibani Kibaha na kurudi, kiyoyozi kikivuma njia nzima, alipofika Kimara kikawaka kijitaa chenye picha ya kobe. Si utani wa kijiwe, Wajapani wenyewe waliweka kobe humo: betri ikiwa ukingoni, gari linapunguza nguvu na kuanza kutembea kama mnyama huyo. Sauti ya kike ikaendelea kumsemesha Kijapani. Mwalimu anadai ilikuwa inamwelekeza. Dogo Bajaji, aliyelipita gari lile siku hiyo akiwa na abiria watatu na gunia la mkaa, anadai ilikuwa inamsonya.

"Na asubuhi ile mlipolisukuma je?" Mama Lishe akachomekea. Hiyo hatuisahau. Gari lilikuwa limechajiwa usiku kucha, asubuhi haliwaki hata taa. Vijana wakalisukuma kwa nyimbo hadi kona ya duka la dawa, Mwalimu akisubiri lishike. Fundi ndiye aliyewaambia kwamba gari la umeme haliwashwi kwa kusukumwa hata mkilifikisha Morogoro. Ndani yake, mbali na betri kubwa, imo ndogo ya volti 12 kama ya magari yote, na ndiyo inayoamsha kompyuta. Ilikuwa imekufa. Wakavuta waya kutoka kwenye betri ya bajaji, gari likaamka.

"Teknolojia ya Japani imeamshwa na mimi," alisema Dogo Bajaji, kwa mara nyingine.

"Msilicheke gari la umeme," Mzee Reli akasema. "Mwaka 1899, Mbelgiji mmoja, Camille Jenatzy, alivuka kilomita 100 kwa saa kule Ufaransa, gari la kwanza kufanya hivyo, na lilikuwa la umeme. Na nyie mnaopanda treni kwenda Dodoma, tangu 2024 inavutwa na nini?"

"Lakini treni haichomeki kwenye soketi yangu," Mama Lishe akasema, na kesi ikarudi mezani.

Fundi akaongeza kosa la pili. Ile ekstensheni inayopita dirishani imeshaanza kunuka. Kebo ya kuchajia inavuta hadi ampea 15, plagi imeandikwa 13, na zoezi hilo linaendelea saa nyingi watu wamelala. Hapo hata Dalali aliacha kutetea.

Mzee Reli akanywa funda la mwisho, akatoa hukumu. Ekstensheni itupwe leo, Fundi avute waya mnene wenye swichi yake hadi nje, kwa gharama ya Mwalimu. Kwenye waya huo ifungwe mita ndogo. Mwalimu akaombe Luku yake mwenyewe, na hadi itakapofungwa alipe uniti za gari zote, pamoja na tofauti ya bei inayowaumiza wenzake. Dalali, kwa ajili ya vile vistari, anunue kahawa ya kijiwe wiki nzima.

"Wiki nzima?" Dalali akalia.

"Vistari vinne vimepungua," akasema Mzee. "Shukuru sikuhesabu kimoja wiki moja."

Mwalimu akatoa simu, akanunua Luku ya elfu ishirini hapohapo. Mama Lishe akazisoma tarakimu 20 za tokeni kwa sauti, bibi wa chumba cha nyuma akizibonyeza kwenye mita. Zikaingia uniti 56.