Mgeni wa Pwani Katika Bustani za Minneapolis

Kosa la kwanza la mgeni atokaye Mombasa au Tanga akafikia Minneapolis, kaskazini mwa Marekani, ni kuliamini jua. Mwezi wa Januari, usiku usio na mawingu huacha joto la ardhi lipotelee angani, na ndiyo sababu asubuhi yenye jua jeupe kuliko zote mara nyingi huwa ndiyo yenye baridi kuliko zote. Lakini mgeni, ambaye tangu utotoni hajapata kuona jua la namna hiyo lisilotoa mtu jasho, huchungulia dirishani, huvaa sweta na raba, hutoka kwenda bustanini, na kabla hajafika njia panda, unyevu wa puani mwake umekwisha kuganda.

Aliyefunzwa na mkasa huo hukosea upande wa pili. Huvaa suruali tatu na makoti mawili hata mikono ikakataa kushuka ubavuni, ndipo akumbukapo kwamba simu ya kuwapigia picha ndugu zake imo katika koti la ndani. Humo ndimo mahali pake, kwa kuwa betri ya lithiamu hupungukiwa nguvu kwenye baridi na simu yenye chaji huweza kuzimika ghafla; hata hivyo hekima hiyo haisaidii kitu kwa mtu asiyeweza kuifikia.

Bustani nyingi za mji huu zimezunguka maziwa, na hapo ndipo elimu ya pwani inaposhindwa kabisa. Bde Maka Ska, ziwa kubwa kuliko yote mjini humo, huganda na kufunikwa na theluji, yaani barafu laini idondokayo kutoka mawinguni, hata ufuko usitambulike, na mgeni hulidhania kiwanja, akistaajabu kwamba ardhi kubwa hivyo, katikati ya nyumba za bei ile, haijavamiwa na mtu. Hukatiza katikati yake hadi amkute mzee aliyeketi juu ya ndoo, mshipi wake ukizama tunduni. Idara ya maliasili ya jimbo hushauri barafu mpya iliyo angavu iwe na unene wa sentimita 10 hivi kabla ya kutembewa, na huongeza kwamba hakuna barafu iliyo salama kabisa. Mgeni aelezwapo hayo na mvuvi, kwa upole, huku amesimama juu ya maji, hushukuru, huuliza kama samaki wanashika chambo, kisha hurudi alikotoka akizikanyaga nyayo zake zilezile, moja baada ya moja.