Spishi za Mukubwa wa Masisi

Wataalamu wa ndege huanza na mdomo. Sisi wa Kitshanga, mashariki mwa Kongo, ambao barabara ya Sake kwenda Mweso hutupitishia kila aina ya kiumbe, tunapendekeza mukubwa aainishwe kwa kile alichoshika mkononi. Tumbo halifai, limekuwapo enzi zote, kwa hiyo halitofautishi chochote.

Spishi ya kwanza ni evolue, Mwafrika aliyehesabiwa na wakoloni kuwa amestaarabika, mshika kadi. Wabelgiji walianza kutoa kadi ya sifa za kiraia mwaka 1948, na 1952 wakaongeza daraja la juu zaidi, ambalo mwombaji hakulipata mpaka wakaguzi waingie kwake, wachungulie sahani na vitanda. Hadi uhuru, Kongo nzima ilikuwa imetoa mamia machache tu ya daraja hilo. Hatujui kiumbe mwingine ambaye uhai wake ulitegemea uma. Wale walioletwa kutoka Rwanda kuanzia 1937 kulima mashamba ya wazungu hapa Masisi walishika jembe, na mezani kwao hakuna mkaguzi aliyekwenda kutazama.

Kisha akazuka akerere (acquéreur, yaani aliyepewa mali), mshika barua. Tarehe 30 Novemba 1973 Rais Mobutu alitangaza kwamba maduka na mashamba ya wageni yatapewa Wazaire, kama Wakongo walivyoitwa wakati huo, na hapo sayansi ikashuhudia mageuzi ya usiku mmoja: mtu alilala karani, akaamka mwenye shamba la chai. Vazi lake ni abakosti, shingo bila tai. Lishe yake imechunguzwa vizuri: alikula duka kuanzia rafu ya mbele hadi ghalani, ndipo akauliza bidhaa huagizwa wapi. Mwaka 1976 Mobutu mwenyewe alitoa ushauri wa lishe hadharani: ukiiba, iba kidogo, tena kwa akili. Nusu ya pili ya ushauri ndiyo iliyoshikwa.

Mshika simu ya setilaiti alinona mwaka 2000, bei ya madini ya koltani ilipopaa. Mshika bunduki hahitaji maelezo katika mji uliokuwa ngome ya jenerali mwasi Nkunda, ukaungua 2013, ukatekwa na waasi wa M23 Januari 2023. Mvaa beji ya ONG, shirika la misaada, bado anabishaniwa: wengine humwita spishi, wengine ndege wa msimu, maana hutua penye kambi na kuruka mradi ukiisha.

Ajabu ni kwamba tangu akerere, spishi zote huhamia makazi yaleyale: malisho ya Masisi. Barua, madini, kila kitu huishia kuwa ng'ombe. Nadharia yetu ni ya kifedha. Desemba 1979 serikali ilibatilisha noti za zaire tano na kumi, na watu wakabaki na makaratasi. Miaka ya tisini bei zikapanda hadi pesa ikabebwa kwa vifurushi. Ng'ombe hajawahi kubatilishwa redioni. Vita vilivyoanzia soko la Ntoto, Walikale, mwaka 1993 vilimla kwa maelfu, lakini walionusurika na fedha walinunua tena, kwenye vilima vilevile.

Limebaki tatizo la kimbinu. Msukuma chukudu ya viazi, ile skuta ya mbao, huishika kwa mikono miwili, na mama mwenye gunia la maharage mgongoni hukaza kamba ya kwenye paji la uso kwa yote miwili pia. Jedwali letu lina nafasi ya mkono mmoja. Kamati imewaweka kwenye kundi la mimea.