Lugha ya Kigeni: Namna ya Kuichagua Bila Kutishwa

Kabla hujalipa ada ya darasa lolote, kaa chini ujibu swali moja: unataka kuongea na nani? Usiseme "na ulimwengu mzima", maana huo hautakujibu. Taja mtu. Wifi yako aliyeolewa Lubumbashi. Watoto wa mjomba waliozaliwa Muscat. Mwenye duka la Guangzhou unayeagiza kwake suruali za kuja kuuza Kariakoo. Ukishampata mtu, lugha umeshaipata, na hata siku utakayochoka kutakuwa na mtu anayekusubiri upande wa pili.

Sasa tupa pembeni zile orodha za lugha ngumu. Inayozunguka kuliko zote imetoka Marekani, katika chuo cha Wizara ya Mambo ya Nje kinachowafundisha wanadiplomasia wao. Kifaransa wamekiweka kwenye kundi jepesi kabisa. Kiswahili wamekipa wiki 36 za darasani. Kiarabu, Kichina, Kijapani na Kikorea wamevipa wiki 88, saa 2,200. Hesabu ni ya kweli, ila ni ya Mmarekani. Zile wiki 36 wewe ulizimaliza ukiwa mgongoni mwa mama. Safari huhesabiwa kuanzia pale ulipo, na wa Tanga hawezi kutozwa nauli ya wa Chicago kwenda Mombasa.

Kwa hiyo hesabu ulicho nacho. Kama ulikaa madrasa, herufi za Kiarabu unazo, ain na ghaini umeshapambana nazo, na maneno kama wakati, dakika na habari yametoka huko huko. Utakachobaki nacho ni kazi ya kuelewa ulichokuwa ukisoma, pamoja na wingi unaovunja neno katikati: kitabu kimoja ni kitab, vingi ni kutub. Ukielekea Malawi, mtu ni munthu, maji ni madzi, na nyumba ni nyumba. Mimi huniuma kuona tunavyoziruka lugha za majirani kama vile hazina watu wa kuongea nao.

Kifaransa wanakuogopesha kwa jinsia, kwamba meza ni ya kike na kitabu ni cha kiume. Wewe unasema "kiti changu kimevunjika, meza yangu imevunjika, gari langu limeharibika" bila hata kufikiri. Mtu aliyekulia kwenye ngeli zote zile atashindwa na makundi mawili? Penye jasho ni kwenye herufi zinazoandikwa na kutotamkwa, na kwenye hesabu. 97 kwa Mfaransa wa Paris ni "ishirini mara nne na kumi na saba". Basi jifunze kwa mtu wa Goma au Bukavu, ambako walirithi hesabu ya Wabelgiji: nonante-sept, tisini na saba, kama kwetu.

Kichina nimekiweka mwisho kwa sababu ndicho kinachokimbiza watu wengi, na mimi nakipenda. Anza na maneno mawili ambayo mfanyabiashara hawezi kuyakwepa. Kununua ni mǎi. Kuuza ni mài. Herufi ni zile zile, kinachotenganisha ni toni. Mǎi sauti inazama chini kisha inainuka kidogo, kama mtu anayesema "eee?" kwa mashaka. Mài inaanzia juu na kuanguka ghafla, kama mama anapomkemea mtoto: "We!" Hata kwenye maandishi ni ndugu: 买 ni kununua, 卖 ni kuuza, yaani ile ile iliyotwishwa kijisalaba kichwani. Sema hayo mawili mara ishirini kila asubuhi ukiwa unapiga mswaki. Na kama nyumbani mnaongea Kihaya, Kichaga au Kikuyu, toni umezaliwa nazo. Kiswahili ndicho kilichoziacha njiani.

Ukivuka hapo utapumua. Kitenzi cha Kichina hakibebi mzigo. Sisi tunasema "hawajatununulia" na ndani ya neno moja kuna watu wawili, kukanusha, wakati na hisani. Mǎi inabaki mǎi, iwe mimi, iwe wao, iwe jana au kesho. Hayo mengine yanasemwa kwa maneno yake pembeni. Na utakutana na kitu kinachofanana na ngeli: huwezi kuhesabu kitu bila kutaja kundi lake, na mara nyingi kundi hufuata umbo. Vyembamba virefu huchukua tiáo, kwa hiyo suruali, mto na samaki wote wako humo. Vya bapa kama karatasi, tiketi na meza huchukua zhāng. Mzungumzaji wa Kiswahili akielezwa hivyo anatabasamu, kwa sababu amekutana na jirani.

Namba uzichunge. Kumi na nne ni shísì, arobaini ni sìshí, na sokoni kuna kelele. Wachina wenyewe huonyesha kwa vidole, mkono mmoja unatosha hadi kumi: sita ni dole gumba na kidole cha mwisho vimenyooshwa, vingine vimekunjwa. Jifunze mkono huo wiki ya kwanza, kabla ya salamu za heshima.

Nusu saa kila siku ina faida kuliko saa nne za Jumamosi. Usingoje ujue vizuri ndipo uongee. Ukifika wiki ya pili, rekodi sauti kwenye simu: wǒ yào mǎi sān tiáo kùzi, nataka kununua suruali tatu. Mtumie yule mwenye duka wa Guangzhou, kisha usubiri uone atakuuliza unataka rangi gani, au atakuuliza unaziuza bei gani.