Jakuzi la Katesh

Shemeji yangu wa Katesh ana gereji, ana kompresa ya kujazia matairi upepo, na ana kiu ya maisha mazuri. Vitu hivi vitatu havikupaswa kukutana. Aliporudi kutoka Dar, ambako alilala hoteli yenye jakuzi, alikata simtanki la lita 1,000 kwa msumeno, akalichimbia nusu yake nyuma ya nyumba, akatutangazia kwamba baridi ya Hanang imepata mwenyewe.

Baridi yenyewe mnaijua. Mwezi Julai upepo unaposhuka kutoka Mlima Hanang wenye mita zaidi ya 3,400, mtu mzima huoga uso na miguu, akaona yametosha. Sisi wa Mbulu ndio kabisa.

Shida ni kwamba plastiki haiwekwi motoni. Maji yalichemshwa kwenye pipa, juu ya mafiga, kisha yakabebwa kwa ndoo. Shemeji alidai huku kwetu ni rahisi, kwa kuwa kwenye miinuko maji huchemka mapema, nyuzi 94 hivi. Kweli, ila moto haujali tunaishi juu au chini: kupandisha lita 500 kutoka nyuzi 16 hadi 40 kwa mafiga hula kilo zaidi ya ishirini za kuni kavu. Huo ni mzigo wa mama mmoja kutoka porini. Dada yangu alipiga hesabu hiyo kimyakimya, na ukimya wa dada yangu si wa kuuchezea.

Siku ya uzinduzi shemeji alitumbukiza mpira wa kompresa, akamwaga sabuni ya unga. Maji yalikuwa ya mvua, ya kukinga batini, na maji ya mvua hayana chumvi ya kuizuia sabuni. Povu lilipanda, likavuka ukingo, likaelekea bandani. Kuku walihama. Jirani aliyechungulia uani alimwona shemeji kichwa tu, akauliza kama ananyolewa.

Lakini kuoga ndiyo sehemu ndogo. Maji ya vuguvugu yakilala, vijidudu huzaliana na ukutani hushika utando wa utelezi. Klorini huisha haraka kwenye joto na jua, kwa hiyo dawa ya jana si dawa ya leo. Msimu wa kuvuna ngano ukaleta makapi na vumbi, yakatanda juu kama uji ulioanza kupoa. Kila mara lazima kumwaga yote, kusugua kwa brashi, kusuuza, kuchota upya, kuchemsha upya. Kazi hiyo alipewa mpwa wangu kwa kuwa ndiye anayeenea ndani. Alisugua akiwa na koti na buti, na sura ya mtu anayepanga kuhamia Babati.

Halafu ng'ombe wakavunja wigo, wakayanywa maji yote, wakaondoka wameridhika kuliko binadamu yeyote aliyewahi kuingia mle.

Mimi sina ugomvi na starehe. Maji ya moto ndoo moja na kata, ukioga haraka bafuni mlango umefungwa, ni starehe tosha, tena haina utando. Ukipita Katesh ukakaribishwa jakuzi kwa shemeji, uliza kwanza nani anabeba kuni.