Mwenye Shati Jeupe ni Mimi

Shati limo kwenye beseni tangu jua lilipozama Jumamosi, na udongo wa Keroka haujaonyesha nia ya kuliachia. Video nayo ni ya sekunde 14. Jana iliingia kwenye kundi la WhatsApp la ukoo wa mke wangu. Sisi Wagusii tuna chinsoni, ile heshima yenye aibu ndani yake, inayomfanya mtu na mama mkwe wake wapishane wakitazama chini. Mama mkwe wangu sasa amenitazama vizuri sana, tena kutoka nyuma, nikiwa kifudifudi kwenye tope, huku Wimbo wa Taifa ukipigwa.

Ilikuwa Ijumaa, tarehe 12 Desemba, Sikukuu ya Jamhuri. Asubuhi watu walishasomewa hotuba ya Rais, kama kaunti zote zinavyosomewa. Jioni tuliahidiwa tamasha kwenye uwanja wa shule: kwaya, bendi, na mzee mmoja na obokano yake, kile kinubi chetu kikubwa cha nyuzi nane kinachonguruma kama fahali anayeota. Mpango ulikuwa tuimbe beti zote tatu za Wimbo wa Taifa, kisha fataki. Kijana wa fataki alikuwa nyuma ya vyoo. Akasikia muziki wa ubeti wa kwanza, akadhani ndiyo ishara.

Mimi nilikuwa nimefumba macho. Wimbo wetu ni sala, na nilikolelewa sala hufumbiwa macho. Hilo ndilo kosa langu lote. Mwanga hufika papo hapo, lakini mlio hujikokota kwa mita 340 kila sekunde. Waliokuwa wamefumbua macho waliona ua jekundu angani, wakapata nusu sekunde ya kuambiwa kwamba kinachokuja ni sherehe. Mimi nililetewa kishindo bila utangulizi. Nikalala. Wenye utani wanasema kichwa kiliangukia Nyamira na miguu ikabaki Kisii, maana mpaka wa kaunti hizi mbili unapita humo humo mjini Keroka.

“Wewe mura, unalalia Wimbo wa Taifa?” Naibu chifu alikuwa amesimama juu yangu, mkono kifuani.

Nilimweleza, nikiwa bado chini, kwamba muziki ule ulitokana na bembelezi ya akina mama wa Kipokomo huko Tana River, ukateuliwa mwaka 1963, na kwamba anayebembelezwa hulala.

“Inuka, profesa,” akasema.

Nikaenda nyuma ya vyoo kumtafuta kijana wa fataki, nia yangu ikiwa ugomvi. Nilikaa naye karibu saa nzima. Kwanza, kile kitu si roketi hata kidogo. Ni tufe la karatasi ngumu, kubwa kuliko chungwa, linatumbukizwa ndani ya bomba lililofukiwa kwenye pipa la mchanga. Chini yake kuna baruti, na mapishi ya baruti hayajabadilika sana kwa mamia ya miaka: katika kila sehemu 100, shura 75, makaa 15, kiberiti 10. Tambi ni mbili. Ya kwanza inakimbia hadi kwenye baruti na kulirusha tufe. Ya pili inashika moto wakati huo huo, lakini hiyo ni mvivu, inaungua taratibu tufe likipanda, ili ifike tumboni mwake juu kabisa. Ikiwahi, tufe linakupasukia usoni. Ikichelewa, linapasukia kwenye majani chai ya watu. Tumboni mna vidonge vilivyopangwa kwa mkono, na mpangilio wake ndio unaoamua umbo la ua. Rangi ni madini: strontiamu huwaka nyekundu, bariamu kijani, alumini nyeupe.

Nikamuuliza, na nyeusi? Bendera yetu inaanza na nyeusi.

Akacheka. Hakuna madini yanayowaka weusi. Nyeusi ni usiku wenyewe, ndiyo maana lazima giza lisubiriwe. Nikakumbuka tulivyofundishwa darasani: nyekundu ni damu, kijani ni ardhi, nyeupe ni amani, nyeusi ni wananchi. Kumbe wananchi ndio pekee wasiowashwa. Kazi yao ni kukaa nyuma wawe giza, wengine wang'ae.

Nilipofika hapo sikucheka tena. Mwili huu haukuzaliwa ukilala chini. Ulijifunza Juni 2024, mjini Kisii, vijana walipoandamana kupinga Mswada wa Fedha. Bomu la machozi nalo hutoka kwenye bomba, nalo husukumwa na baruti. Mlio ni ule ule. Mwaka mmoja na nusu baadaye tunapigiwa tena, tunaambiwa hii ni zawadi ya taifa, tupige makofi. Nani aliutuma mwili wangu barua kuujulisha kwamba mambo yamebadilika?

Mwavuli wangu ulichukuliwa. Bodaboda alinitoza mara mbili, nauli yangu na ya tope. Mke wangu aliuliza ile spea ya pampu niliyosema naifuata Keroka iko wapi.

Shati lenyewe sikuweza kulifua usiku ule, kwa sababu Sabato ilikuwa imeingia, na tope likaachwa lipumzike kwa saa 24 kwa amri ya Mungu. Asubuhi, kabla ya Shule ya Sabato kuanza, mzee wa kanisa aliniita chini ya mti. Alikuwa na simu mkononi.

“Kuanguka si dhambi, mwanangu. Kila mtu huanguka.” Akairudia video, akaisimamisha pale anga lilipokuwa jeusi ti. “Lakini hili giza ni la saa ngapi?”

Kwa hiyo wewe uliyekuwa karibu na muuza mahindi, uliyenyoosha simu badala ya kuninyooshea mkono: tafadhali ifute. Ikikuuma kuifuta, andika basi kwamba ilipigwa Alhamisi.