Betri Haina Hatia

Wazee na vijana wa Bomeni, huku Minnesota tumeshajua kwamba pikapu kuukuu ikigoma kuwaka Taveta, ugonjwa wake huripotiwa kwanza M-Pesa: betri imekufa, tumeni ya mpya. Mimi nasema nyingi ya betri hizo huzikwa zingali hai. Kabla ya kututumia ujumbe, mtu na aweke mita kwenye vichwa vya betri; hata ile ya fundi wa redio yatosha. Gari likilala bila kuwashwa, betri nzima yenye chaji husoma karibu volti 12.6. Injini ikiwaka, namba ipande kati ya 13.8 na 14.5 hivi. Isipopanda, betri ni kama mtoto anayelala njaa kwa kuwa hakuna aliyepika. Tazameni mkanda uliolegea, kaboni za altaneta zilizolika, au waya wa athi ulioshikwa na kutu. Kisha injini ikinguruma na taa zikiwaka, pimeni kutoka altaneta hadi kichwa cha chanya cha betri. Zikipotea zaidi ya volti 0.3 hivi, chakula kimepikwa ila kimeliwa njiani, na dawa yake huenda ikawa msasa wa kusugulia viungo vya waya.

Mtaniambia fundi wa barabarani hahitaji mita: huchomoa waya wa betri injini ikinguruma, na gari lisipozima, altaneta imepona. Kipimo hicho ni urithi wa enzi za dainamo. Altaneta ina daiodi, na betri ndiyo inayomeza mishtuko ya umeme. Ukiichomoa, volti huruka, na daiodi au reguleta yaweza kuungua papo hapo. Umekwenda kupima mgonjwa ukamuua! Tena baadhi ya dizeli za zamani, zile zisizokata mafuta kwa umeme, huendelea kunguruma hata altaneta ikiwa maiti, kwa hiyo ushahidi wenyewe ni wa uongo. Jirani aliyebadilisha betri gari likawaka naye hajathibitisha kitu. Betri mpya hutoka dukani na chaji yake. Mchana itawafikisha Maktau na ndizi zenu, pengine hata Voi, lakini usiku, taa zikiwashwa, siri hutoka.

Msidhani pia kwamba kifo cha betri ni balaa la baridi ya huku. Kwenye nyuzi 18 chini ya sifuri nguvu yake hupungua karibu nusu, lakini baridi hufichua tu udhaifu uliokuwepo. Joto ndilo linaloila, na joto mnalo la kutosha. Kwa hiyo sikatai kwamba betri za Taveta huzeeka mapema. Ichajiwe ijae, kisha starta izungushwe: ikishuka chini ya volti 9.6, imezeeka kweli, na hiyo nitailipia. Ila nataka picha ya mita, namba zikionekana, si ile ya kila siku ya fundi akitabasamu kando ya boneti.