Saa Kumi na Saba Usiku

Jirani, sogea kidogo kwenye benchi, muache Mangi mwenye duka ahangaike na chenji yake. Mi nina kesi na saa.

Kwenye tangazo waliandika: soma ukiwa nyumbani, kwa muda wako. Kwa muda wangu! Nikaamini. Umri huu, kitambi hiki, nikajiandikisha digrii ya mtandaoni. Nikamwambia mama watoto, vumilia, miaka mitatu tu tutakula maisha. Akaguna. Yule mwanamke akiguna ujue ameshaona mbele.

Asaimenti ya kwanza ikaja. Mwisho wa kukabidhi: Jumatatu, 12:00 AM. Sasa hapo kuna nini cha kuuliza? Kumi na mbili ni kumi na mbili. AM ni asubuhi, mpaka A yenyewe iko pale. Nikakesha. Kahawa birika zima. Saa kumi na moja na nusu alfajiri nimemaliza, nimeoga, nimevaa na shati, maana nilitaka kukabidhi kwa heshima. Naingia, pamefungwa. Toka saa sita usiku pamefungwa! Wenzangu wamelala zamani, mi ndo kwanza niko aya ya pili.

Binti yangu wa kidato cha tatu akanielewesha huku anafunga kamba za viatu. "Baba, hiyo ni saa sita usiku. Na ni usiku wa kuamkia Jumatatu, siku inapoanza, siyo inapoisha." Yaani kwa lugha ya binadamu ni Jumapili usiku. Si wangeandika tu usiku wa kuamkia Jumatatu, kama redio inavyotangaza misiba? Nilimbembeleza mhadhiri, akaipokea kwa kukata alama. Nikapata 6 kwa 20.

"Saa ya Kizungu unatoa sita, Baba." Mtoto kasema, kaenda zake shule. Kitu chepesi. Asaimenti ya pili inafungwa 23:59. Nikashika kalamu. Ishirini na tatu toa sita, kumi na saba. Saa kumi na saba na dakika hamsini na tisa. Jirani, mi nimeona mengi mjini hapa, nimeona mafuriko ya Jangwani, ila saa kumi na saba sijawahi kuiona. Kumuuliza tena mtoto, aibu. Nikaja kumuuliza Mangi. Mangi akafikiria sana, akasema labda ni saa ya Marekani.

Kumbe unaingia kwenye mipangilio ya simu, unaiweka kwenye saa 24, basi. Simu ikisema 23:59, imebaki dakika moja iwe saa sita usiku. Kutoa sita kwa nini, kwani mi karani?

Safari hiyo nikawahi. Saa mbili usiku faili limeshapanda, naliona kwa macho yangu, jina langu liko pale. Nikaifunga laptopu kibabe. Siku tatu baadaye mhadhiri anauliza kazi yako iko wapi. Chuo chetu kinatumia Moodle, mfumo wa masomo ya mtandaoni, kama vyuo kibao. Ilitengenezwa na jamaa wa Australia, Martin Dougiamas, ikatoka 2002. Jamaa hana kosa. Paliandikwa kabisa, kwa herufi za kusomeka, kwamba hii ni rasimu, bado haijakabidhiwa. Mhadhiri akiamua, kunakuwa na kitufe kingine cha kukabidhi, unakibonyeza, kinakuuliza una uhakika, unakubali tena. Mi sikubonyeza. Ni sawa na kwenda kuposa, ukakaa sebuleni, ukanywa chai yao, ukaaga bila kusema kilichokupeleka.

Sa hizi nabonyeza mpaka nione imeandikwa imekabidhiwa. Halafu skrinshoti yenye tarehe na saa. Mama watoto anasema simu yangu haina hata picha moja ya watoto.

Nilipoikabidhi kweli ile ya pili, Turnitin, ule mtambo wa kulinganisha kazi yako na za wengine, ikatoa asilimia 61. Sitini na moja! Mwili ukafa ganzi, nikajiona naitwa mwizi mbele ya wakwe. Kumbe ile haisemi umeiba. Inaonyesha tu maneno yaliyofanana na ya kwingine, mhadhiri ndo anaangalia na kuamua. Na mi nilikuwa nimebandika maswali yote kama yalivyo, orodha nzima ya rejea, na nukuu ndefu kama treni ya mizigo, nyingine sikuzifungia hata alama za nukuu.

Bando ndo usiniulize. Niliwasha hotspoti ya simu, laptopu ikajiona iko kwenye Wi-Fi ya hoteli. Ikaanza kujisasisha kimyakimya. GB 2 zimeisha, mhadhiri hajamaliza hata kujitambulisha. Unatakiwa uiambie laptopu kwamba intaneti hii ni ya kupima, iko kwenye mipangilio ya mtandao, nayo inaacha tamaa. Na kamera zima, kamera inakula kuliko mgeni wa sikukuu. Noti za masomo zishushe usiku kwa bando la usiku, programu ya Moodle ya kwenye simu inazitunza, unazisoma kwenye daladala bila hata MB moja. Mi nilizishusha zote. Kusoma bado.

Halafu majadiliano ya kikundi. Zoom ya bure inakata dakika 40. Sisi tuko saba, Waswahili watupu. Shikamoo, marahaba, za nyumbani, poleni na msiba, mnanisikia? Tunakusikia. Mnaniona? Dakika ishirini na tano hizo. Zilizobaki walinisikiliza mi nikigombana na muuza dagaa dirishani, maiki iko wazi, mpaka wakajua nadaiwa tangu Machi. Mmoja akauliza kama dagaa ni sehemu ya mada.

Basi asaimenti ya tatu nikasema sasa basi. Nikakabidhi siku mbili kabla. Umeme upo, bando lipo, kitufe nimebonyeza, skrinshoti nimepiga. Nilikuja hapahapa nikawanunulia watu soda, Mangi shahidi. Faili nililiita "mwisho kabisa". Tatizo kulikuwa na "mwisho kabisa" nyingine, orodha ya michango ya harusi ya shemeji, mi ndo mweka hazina. Nimepandisha hiyo. Majina yote, ahadi, waliolipa na wanaokwepa.

Majibu yametoka leo asubuhi. Turnitin imesoma orodha yote, ufanano asilimia 0. Kwa mara ya kwanza katika elimu yangu! Chini mhadhiri ameandika: "Kazi ni ya kwako kweli, sina shaka. Rejea hakuna. Na wewe mwenyewe, elfu hamsini yako naona bado hujatoa."

Mangi, hiyo soda niandikie.